Nani Alikutengenezea Hii Gari?

Nyinyi vijana mnaokuja kwenye lango langu hapa Voi na simu zimejaa picha za magari yenye mabawa nyuma, mkitaka niwaambie lipi ni zuri la kununua, leo ketini niwape jibu refu. Nimestaafu, sina haraka, na mke wangu ameshachoka kunisikiliza. Nilishika spana miaka thelathini na kitu, kwanza katika karakana ya shamba la mkonge, kisha katika gereji yangu mwenyewe. Nimefungua trekta, malori, ambulensi, na gari moja la maiti lililokataa kuwaka hadi waombolezaji walipoacha kuimba. Lakini hakuna lililonifundisha kazi kama kigari chekundu cha Mwalimu Wakio, na kilinifundisha kichwa changu kikiwa na mvi tayari.

Nianze na somo la kwanza la ufundi, ambalo halihusu spana hata kidogo. Gari likiletwa, usiliguse. Zunguka mara moja, mikono nyuma. Fungua boneti, chungulia, kaa kimya mpaka mwenye gari aanze kuhangaika. Kisha sonya taratibu, tingisha kichwa, na uulize kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Nani alikutengenezea hii gari?"

Jibu lolote atakalotoa, wewe umeshinda. Akitaja fundi mwingine, huyo ndiye mharibifu. Akisema hajui, basi huyo asiyejulikana ndiye mbaya zaidi. Tangu wakati huo kila kitakachoharibika, hata wewe ukikiharibu mwenyewe, kina baba yake. Mimi niliuliza swali hilo kila siku ya kazi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukutana na gari lililotengenezwa na mtu mwenye akili. Kulikuwa na fundi mmoja kule Taveta ambaye tulitukanana miaka mingi kupitia wateja wetu bila kuonana. Nikipokea gari lake namwita mchinjaji, na yeye akipokea langu ananiita mchoma mahindi. Siku moja tulikaa benchi moja kwenye harusi, tukapiga soga mchana kutwa, tukapendana sana. Tulipotajiana majina, kila mmoja alikumbuka ana safari.

Sasa, huo mkebe mnaouona pale dirishani. Ulikuwa wa biskuti. Nitaufikia, lakini kwanza niwaambie habari za Mzee Okelo.

Okelo ndiye aliyenifundisha kazi kule kwenye mkonge. Baba yake alitoka upande wa magharibi kuja kufanya kazi ya reli, naye akazaliwa na kukulia hapa, kwa hiyo alikuwa akitutania kwa Kidawida, lugha yetu ya hapa, kisha anatukaripia kwa Kijaluo, ili ukaripiwe bila kupata nafasi ya kujibu. Alikuwa na masikio ya ajabu. Alikuwa akisimama mlangoni na kikombe cha uji, anasikia trekta ikija kutoka mbali, anakwambia ni silinda ya ngapi inayokosa. Na ndiye aliyenionyesha themostati kwa mara ya kwanza. Ni kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga, ikipata moto kinafungua ili maji yaende kwenye rejeta kupoa. Okelo alikichomoa kwenye trekta, akakitupa mkononi mwangu. "Hii ni kitu ya watu wa barafu," akasema. "Voi iko na joto ya kutosha. Injini yetu haihitaji mlango, inahitaji dirisha."

Kwa trekta zile kuukuu alikuwa sahihi, na wala simlaumu. Zilikaa bila themostati na hazikuchemka. Basi mimi nikaichukua hiyo dini nikaenda nayo gereji kwangu. Kila gari lililoingia kwangu, liwe la mwalimu, la kasisi au la serikali, lilitoka bila themostati. Wateja hawakuombwa ruhusa. Nilihesabu kuwa ni hisani, na nilizihifadhi zote kwenye huo mkebe, nikawa nikiutikisa mbele ya wageni kama mtu anayeonyesha vyeti vyake.

Mwalimu Wakio alikuwa akifundisha fizikia katika shule moja ya upili hapa mjini. Mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani na kijitabu cha kuandikia kila kitu. Siku moja akatoka Mombasa na gari la spoti la Kijapani, la milango miwili, lililokwisha kutumika huko lilikotoka na likatumika tena Mombasa. Lilikuwa chini kiasi kwamba mbuzi wa mtaani walilitazama kutoka juu. Mbele lina viti viwili vya kukumbatia mtu, na nyuma kuna nafasi mbili ambazo mtengenezaji aliziita viti kwa sababu ya kutaka kuuza.

Mji mzima ulimshauri. Shauri la kwanza lilikuwa kuliinua, maana matuta ya Voi hayajengwi kwa ajili ya kupunguza mwendo, yanajengwa kwa ajili ya kuzuia mafuriko. La pili lilikuwa kuweka keria juu, kwa ajili ya magunia. La tatu, bampa ya chuma, kwa sababu ya ndovu wa upande wa Ndara, kana kwamba ndovu akikutana na bampa ataomba radhi. Jamaa mmoja alipendekeza likatwe nyuma liwe pikapu. Mwalimu aliandika yote kwenye kijitabu, akashukuru, na hakufanya hata moja. Aliendelea kupanda matuta kwa upande, gurudumu moja moja, huku foleni nzima nyuma yake ikimpigia honi. Hiyo ndiyo njia sahihi ya kupanda tuta na gari la chini, vijana, na honi haijawahi kuvunja bampa ya mtu.

Kulikuwa hata na chama cha wenye magari ya spoti wa kaunti hii. Walikutana Jumamosi mchana kwenye kituo cha mafuta. Wanachama walikuwa watatu. Mwalimu, mkulima mmoja wa Mboghoni ambaye gari lake lilinukia ndizi na lilikuwa na majani ya migomba kwenye redio, na karani mmoja ambaye lake lilikaa juu ya mawe kwa miaka mingi likisubiri gia boksi. Huyo karani ndiye alikuwa mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na muda. Alikuja mkutanoni kwa miguu, ameshika ufunguo mkononi ili watu waone.

Msicheke sana, kwa sababu nyinyi ndio mnaofuata. Mkitaka kununua gari la namna hiyo, sikieni. Likiwa na tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa, ukifika mwisho wa safari usizime papo hapo. Liache lingurume dakika mbili tatu, tabo ipoe na oili ikiwa bado inazunguka. Badilisha oili kabla ya wakati wake. Soma mwaka ulioandikwa kwenye tairi, usiangalie mng'aro wake. Usianze kununua taa za buluu kabla hujanunua breki. Na liwashe ukiwa peke yako, pasipo muuzaji wala redio, uisikilize injini mpaka ichoke kukuficha mambo. Mwalimu aliyajua hayo yote kwa kusoma. Alilipenda lile gari waziwazi, na nitasema ukweli, mimi pia. Nilikuwa nikiosha mikono kabla ya kuligusa.

Alipolileta kwangu kwa sevisi mara ya kwanza nilifanya ibada yangu yote. Nikazunguka, nikachungulia, nikasonya, nikauliza. Akaniambia lilikuwa kwa fundi fulani wa Mombasa. Nikamwonea huruma, nikamweleza kwa kirefu jinsi mafundi wa Mombasa wanavyofanya kazi huku wanaangalia bahari. Kisha akaenda darasani, nami nikabadilisha oili, nikasafisha plagi, na mkono wangu ukaenda wenyewe mahali unapokwenda siku zote. Nikachomoa themostati nikaitia mkebeni.

Jioni alipokuja kulichukua alitoa kijitabu. "Fundi Mwadime, mbali na oili na plagi, kuna kitu kingine umegusa?"

"Hapana, Mwalimu. Nimeosha tu mfumo wa maji."

Baada ya siku mbili akapita tena. Alikuwa ameona sindano ya geji ya joto inakaa chini kuliko zamani. Nikamwambia ni dalili ya raha, injini imetulia kwa kuwa imepata mkono mzuri. Aliniangalia kidogo, akaandika kitu, akaenda zake. Najua sasa kwamba hakuniamini, ila aliniheshimu, na heshima hiyo ndiyo iliyonigharimu baadaye.

Mama yake Mwalimu, Nyanya Mghoi, aliishi juu milimani, mbele ya Wundanyi, na alikuwa ameapa kutoingia kwenye lile gari. Si kwa kuogopa. Kule juu gari halipandi mlima likiwa tupu. Ukimpita mtu anayetembea, hasa mzee mwenye mzigo, habari zako zitafika nyumbani kabla yako. Sasa mtoto wake amesomeshwa na kijiji, kisha ananunua gari ambalo likipata watu wawili limejaa. Nyanya alisema hilo si gari, ni choyo yenye magurudumu. Kila mara Mwalimu alipoenda kumtembelea, aliliacha kwangu akapanda matatu. Jambo hilo lilimuuma sana, na aliniambia hivyo.

Halafu Nyanya akatolewa mtoto wa jicho hapa Voi. Daktari akasema arudi nyumbani taratibu, asirushwerushwe, asiinamishe kichwa, asikae vumbini wala juani. Matatu ikawa haiwezekani. Nyanya akakubali kupanda gari la binti yake, mara moja tu, na kwa sharti kwamba asipitwe mtu njiani. Mwalimu alikuja kunichukua asubuhi ile amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Alitaka fundi awe ndani, ili safari hii ya kwanza isiwe na aibu.

Basi nikaingizwa nyuma, magoti yakiwa karibu na masikio. Nyanya akakaa mbele, jicho moja limefungwa, leso imefunika kichwa. Hadi Mwatate tulikwenda kwa raha, Nyanya akaanza hata kusifu kiti. Tulipoanza kupanda, kwenye kona ya pili, Mwalimu akasema kuna mzee mbele yetu anatembea. Nyanya akamwamuru asimame. Alikuwa Mzee Mwang'ombe, jirani yao, na alikuwa na mwavuli na mkungu wa ndizi. Mzee aliingia kwa kichwa kwanza, mimi nikamvuta kwa mabega, na mkungu ukalala juu yetu sote wawili. Nyanya aliridhika. Alisema kumbe gari linaenea watu, ni moyo tu.

Tukaendelea na gia ya kwanza na ya pili, jua liko utosini. Nilikuwa nachungulia katikati ya ndizi nikaiona sindano inapanda. Ilipita katikati, ikaenda kwenye nyekundu bila kupumzika. Nyanya ndiye aliyesikia kwanza. "Nani anachemsha chai?" akauliza.

Tulisimama chini ya ukingo usio na mti wala kivuli, mvuke ukitoka pande zote za boneti. Mzee Mwang'ombe alimfungulia Nyanya mwavuli, akasimama kando yake kama askari. Kila lori lililopita lilitumwagia vumbi, na kila mara Mwalimu alikuwa akimkinga mama yake uso kwa mikono yake miwili. Na mimi, vijana wangu, nilifanya nini? Nilianza kutafuta baba wa makosa. Nikasema ni petroli ya siku hizi. Nikasema hewa ya mlimani ni nyepesi. Nikasema, na ninaona haya kulisema hata leo, kwamba ni uzito wa ndizi. Mwalimu alikuwa akinisikiliza kama anavyowasikiliza wanafunzi waliofuta jibu la kwanza na kuandika la pili. Mzee Mwang'ombe alishusha mkungu wake kimya kimya, akauweka mbali na gari.

Mwalimu akapiga simu Mwatate. Huko kuna fundi anaitwa Akinyi, ana gereji yake mwenyewe, na mkikutana naye mvue kofia. Ni binti ya Mzee Okelo, yule yule aliyenifundisha. Alikuja na pikipiki yake, begi la spana mgongoni, akanisalimu kwa adabu, "Shikamoo Baba," kisha hakuzunguka wala hakusonya. Aliweka kiganja kwenye rejeta. Akakiweka karibu na injini. Akarudia.

"Injini inachemka, na rejeta haina moto wa maana," akasema. "Maji haifiki kwa rejeta."

Tukasubiri ipoe. Akafungua mahali pa themostati, akaingiza kidole, kikaenda hadi ndani bila kukuta kitu. Hapo akatueleza kitu ambacho mimi, kwa miaka yote ile, sikuwahi kukijua. Kwenye injini kama ile themostati ina kazi mbili. Inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na papo hapo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji mengi yanazunguka ndani bila kupoa. Tambarare hutajua. Siku utakapopanda mlima na mzigo, ndipo utajua.

Akafuta kidole kwa kitambaa. Akamgeukia Mwalimu, akauliza lile swali langu, lakini yeye aliuliza kwa kuwa alitaka kujua. "Nani alikutengenezea hii gari?"

"Kuna fundi wa Mombasa," akasema Mwalimu. "Fundi Mwadime alinieleza ndiye aliiharibu."

Mlango ulikuwa wazi, vijana. Sikuhitaji hata kusema uongo, ilitosha ninyamaze. Na kama si wa Mombasa, nilikuwa na Okelo, ambaye amelala kaburini na hawezi kujibu. Lakini binti yake alikuwa mbele yangu na mikono ya baba yake, na Nyanya Mghoi alikuwa kwenye jiwe, ameshika leso juu ya jicho lake, anapumua vumbi langu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliitoa mwenyewe. Iko gereji, kwa mkebe."

Akinyi alikitia kitambaa mfukoni. Kisha Akinyi akasema polepole kwamba baba yake aliacha kuzitoa miaka mingi kabla ya kufa, na kwamba alikuja Voi kuniambia. Ni kweli alikuja. Alikaa gerejini kwangu, akanieleza kwamba magari yamebadilika. Nilimcheka, nikamwambia uzee umemfanya mwoga, na nikamtikisia mkebe.

Mwalimu alikuwa ameshikilia kijitabu bila kukifungua. "Nilikuuliza, Fundi," akasema. Basi. Nimetukanwa na madereva wa malori kwa lugha nne, na hakuna tusi lililoniingia kama maneno hayo mawili.

Pikapu iliyobeba mabati ilipanda, dereva akamwona Nyanya, akafunga breki. Alimtoa shemeji yake kiti cha mbele akampandisha nyuma juu ya mabati, akampa Nyanya nafasi. Hivyo ndivyo wanavyofanya kule, na mtu aliyewasimamishia wengine magari maisha yake yote hakosi kiti. Kabla hajafunga mlango Nyanya aliniita. Nilidhani ananilaani.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Basi siku ya kurudi kliniki utakuja kunichukua wewe."

Jicho lilipona vizuri. Siku ya kliniki nilimfuata kweli, kwa teksi iliyojaa majirani sita, na alinionyesha kila kitu njiani kwa kuwa sasa alikuwa anakiona. Gari ndilo lililoteseka. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda, ikapelekwa Mombasa kunyooshwa, kwa fundi yule yule niliyekuwa nikimtukana, na aliirudisha imenyooka. Akinyi alilifunga kwa mikono yake. Themostati niliitoa mkebeni, nikampelekea mwenyewe Mwatate, nikaketi nikamtazama akiirudisha mahali pake. Mwalimu bado analo. Hulipeleka kwa Akinyi, halileti kwangu, na ni haki yake. Akinipita barabarani husimama, ananiuliza kama nakwenda mahali, na mara moja moja naingia.

Mwaka uliofuata niliacha kazi. Lakini bado kuna magari yanayozunguka Voi, Mwatate, hadi Chala, ambayo mahali pa themostati pana hewa tu. Ndiyo maana mkebe uko dirishani. Kila themostati nimeifunga karatasi yenye jina la mwenyewe, kadiri ninavyokumbuka. Kumi na mbili zimesharudi kwao.

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza sasa, mkifungua boneti mkaingiza kidole pale mkakuta pako wazi, msisonye, msitingishe kichwa, wala msimwulize mwenye gari. Mwambieni ni Mwadime, mkamwelekeze hapa kwangu. Mchana wote huwa nipo.